Wachoke Nyuma ya Kamera

Mwantum alitaka harusi ndogo. Sheikh, mashahidi, sufuria ya pilau, dua, kisha kila mtu aende kwake jua likiwa bado juu. Hakutaka zaidi ya hapo, na hata angetaka asingeweza. Tangu nchi jirani zifunge mipaka, jambo ambalo watu wa Bujumbura waliliita ambargo, alikuwa akiamka gizani kwenda Gatumba mpakani kupokea sabuni, sukari na vitenge vilivyopenyezwa na wanawake wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwa njia za panya. Mchana alirudi mtaani kwake Buyenzi na mzigo kichwani, akauza barazani mpaka jioni. Usiku milio ya bunduki ilishuka kutoka vilimani, naye akalala jicho moja, sikio liko mlangoni. Mumewe, fundi wa malori katika karakana moja ya Quartier Industriel, alitoka kazini jioni moja ya mwaka tisini na tano na hakufika nyumbani. Mwantum alimsubiri, akamtafuta, akamsomea hitima bila kaburi, kisha akarudi kwenye biashara yake, kwa sababu mtoto alikuwa anataka kula.

Mtoto huyo ni Houda, na sasa alikuwa anaolewa. Aliyemposa ni Tajudini, kijana waliyesoma naye chuoni kwa maalim walipokuwa wadogo, ambaye vita vilimtupa hadi Ubelgiji. Huko alipata karatasi za kuishi na kazi ya kuosha vyombo katika hoteli. Kurudi kuoa hakuweza. Lakini dini inamruhusu aliye mbali kuoa kwa wakala, na mjomba wake, Mzee Shaabani mwenye duka la vipuri, alikuwa tayari kukaa mbele ya sheikh na kuikubali ndoa kwa jina la mpwa wake. Mambo yalikuwa yamekwisha kupangwa hivyo, kimya kimya, wakati simu ilipolia pale dukani na Mzee Shaabani akatuma mtu amwite Mwantum.

"Mama, shikamoo," sauti ya Tajudini ilisema, ikija na kurudi kama inapita majini. "Nimeongea na watu wanaojua mambo ya ubalozi. Cheti cha ndoa peke yake hakitoshi kumpatia Houda visa. Wanasema siku hizi watu wanaoana kwenye karatasi tu. Wanataka waone arusi yenyewe."

"Waone vipi?"

"Video, mama. Tafuteni mutu wa video, lakini wa kazi kabisa. Ikiwa ya hovyo watasema ni uongo."

Mwantum alimwambia sawa. Alirudisha mkono wa simu mahali pake, akakaa juu ya katoni ya mafuta ya breki. Mzee Shaabani alimuuliza kama kuna habari mbaya.

"Apana," alisema. "Iko kazi nyingine tu."

Mdogo wake, Saliha, ndiye aliyejua mambo ya video. Saliha alikuwa hakosi harusi mtaani, na hata risasi zilipolia karibu aliziba masikio kidogo, kisha akauliza chakula kinapakuliwa saa ngapi. Kwanza alimwonyesha dada yake kaseti ya harusi ya jirani, iliyopigwa na binamu mwenye kamera ya kuazima. Waliiangalia kwa jirani huyo huyo. Ilikuwa na ukuta, halafu viatu, halafu ukuta tena, na sheikh alionekana kuanzia ndevu kushuka chini. Mwenye nyumba alicheka nao, lakini kilikuwa kicheko cha mtu asiyeweza kuirudia harusi yake.

"Kuna Melchior," Saliha alisema walipotoka. "Alikuwa anapiga kamera kwenye televisheni, akaacha. Sasa anafanya maarusi. Huyo ndo mutu wa kazi."

Basi wakaenda kwa Melchior. Chumba chake kilikuwa mjini, nyuma ya duka la dawa, si mbali na soko kuu. Alikuwa mtu mrefu, shati limepigwa pasi, anaongea polepole Kiswahili cha mjini na kutia Kifaransa pale kiliposuasua. Kaseti zilisimama rafuni zikiwa na majina ya mabwana na mabibi harusi migongoni. Aliwapa viti, akabaki yeye amesimama.

"Karibuni. Nani anaolewa?"

"Mutoto wangu, Houda," Mwantum alisema.

"Félicitations, mama. Bwana arusi atatokea wapi, kwao ao musikitini? Nataka nijue nianzie wapi."

Saliha alimtazama dada yake. Mwantum alitazama mikono yake mwenyewe.

"Bwana arusi iko Ubelgiji. Atakubaliwa na mujomba wake."

Melchior hakushangaa. Alivuta kiti naye akakaa. "Basi ni video ya ambasade, ya kupeleka ubalozini."

"Ni ya ambasade."

"Nimeshafanya za namna hiyo." Alisugua macho. "Sikia, mama. Wale watu wanaangalia kama ni arusi ya kweli. Na arusi wanayoijua wao iko na furaha. Watu wengi, chakula, ngoma, wamama wanapiga vigelegele, bibi arusi anacheka. Kuna dada mmoja walimukatalia, na mi ndo niliyepiga ile video. Alilia toka mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu baba yake hayuko tena. Wao walisema anaozwa kwa nguvu."

Nje mtu alikuwa akiuza mikate kwa sauti.

"Na kama watu wamechoka?" Mwantum aliuliza.

"Wachoke nyuma ya kamera, Mama Houda. Mbele yake wajikaze."

Aliyasema bila ukali, kama daktari anayetaja dawa inywewe mara ngapi. Kisha akaeleza taratibu zake. Betri angekuja nazo mwenyewe, kwa kuwa umeme haukuwa wa kutegemea. Kaseti mpya wazitafute wao, maana mjini zilikuwa zimeadimika. Aliuliza nyumba iko avenue ipi ya Buyenzi, wakamwambia. Yeye alikaa Nyakabiga. Kati ya mtaa wake na wao palikuwa na mwendo wa miguu tu, lakini wako watu wa pande zote mbili waliokuwa hawajavuka tangu mauaji ya tisini na tano.

"Nitakuja," alisema mwishowe. "Ila asubuhi, na kabla ya saa kumi niwe nimeondoka. Barieri za askari zikishafungwa mi siwezi kulala kwenu, na nyie hamutataka nilale."

Wakapatana. Njiani Saliha alikuwa anahesabu vitambaa vya kupamba uani na nani aazimwe viti. Mwantum aliwaza kaseti. Uvira zilikuwako, alijua hata mwanamke wa kumuuliza. Ilimaanisha mzigo mwingine, asubuhi nyingine, askari mwingine wa mpakani wa kumbembeleza.

Jioni alimweleza Houda. Msichana alikuwa kwenye cherehani, akimalizia gauni lake mwenyewe, maana ushonaji ndiyo kazi aliyoijua. Alisikiliza bila kuinua mguu kwenye pedali.

"Kwa hiyo nicheke," alisema.

"Kidogo tu. Wakuone una raha."

"Mama, mi naolewa na simu. Nikifunga macho nikumbuke sura ya Tajudini, naiona ile ya chuoni, ana kamasi. Nampenda, si kwamba simupendi. Lakini kucheka kwa kuambiwa, sijui kama nitaweza."

"Jikaze."

"Ndo ninajikaza hivi," Houda alisema, na cherehani ikaendelea.

Siku ya harusi ikafika, na usiku wa kuiamkia haukuwa wa kulala. Milio ilianza mapema, safari hii karibu zaidi, upande wa Kinama. Kila ilipotulia, mtu alijigeuza kitandani akidhani imekwisha, ikaanza upya. Mwantum aliona hakuna maana ya kuendelea kujidanganya. Aliamka, akawasha makaa uani, akaanza kumenya vitunguu kwa mwanga wa koroboi. Kulipopambazuka nyama ilikuwa imeiva, mchele umechambuliwa, na nguo yake ya harusi ilikuwa inanuka moshi hata kabla hajaivaa.

Wageni walikuja nusu. Wa mitaa ya mbali walituma salamu kwamba njia si nzuri. Saliha alitazama viti vitupu, akatoka na kanga yake, akaanza kugonga milango ya majirani. Kabla ya muda mrefu viti vikajaa. Alikuja fundi baiskeli na mkewe, akaja mwanamke wa maandazi, akaja Sikuzani, mkimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka aliyepanga chumba nyuma, akiwa amevaa kila kitu kizuri alichokimbia nacho. Mzee mmoja aliuliza nani anaolewa, akaambiwa, akasema mashallah, akakaa.

Melchior alifika kwa miguu. Basi lilikuwa limezuiwa kwenye barieri ya juu, naye akateremka na kamera begani, betri kwenye mfuko wa sokoni, akatembea. Shati lake lililonyooshwa lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Watu walimpisha. Wengine walimtazama kwa namna ya kujua ametoka mtaa gani, yeye akawaamkia mmoja mmoja kwa mkono, akaomba maji ya kunywa, na baada ya hapo ikawa ni mtu wa video tu.

Ndoa ilifungwa sebuleni. Ba'mkubwa wake Houda, kaka wa marehemu, alikaa kama walii. Mzee Shaabani alikaa mbele yake katika kanzu mpya, na sheikh alipomgeukia alisema amekubali ndoa ya Houda kwa ajili ya muwakilishwa wake Tajudini. Melchior alisubiri dua iishe, kisha akanong'ona, "Mzee, samahani, unaweza kupeana mukono na walii tena? Kuna mutu alipita mbele yangu." Wakapeana mkono tena. Sheikh alisema kuoa ni mara moja, lakini kupeana mkono hata mara mia si kitu, na watu wakacheka kidogo.

Upande wa wanawake, chini ya turubai uani, kazi ilikuwa ngumu zaidi. Vigelegele vya kwanza vilitoka vyembamba. Melchior aliomba virudiwe. Vya pili vilikuwa na nguvu lakini Sikuzani alikohoa ndani yake. Vya tatu ndivyo vilivyokubaliwa. Dufu zilipigwa. Wanawake walicheza wakiiangalia kamera badala ya kumwangalia bibi harusi, wakaambiwa wasiiangalie, wakawa wanatazama chini. Na Houda alikaa juu ya kiti kilichopambwa, mzuri kwa kweli, shela linamwangukia vizuri, uso wake umetulia kama uso wa mtu anayesubiri zamu hospitalini.

"Mademoiselle, kidogo tu," Melchior alimwambia. Houda alivuta midomo. Melchior alitazama ndani ya kamera yake, akasema asante, lakini aliiteremsha kamera mapema mno.

Saliha alikuja jikoni. "Dada, njoo umusemeshe. Anakaa kama yuko matangani."

"Nakuja," Mwantum alisema. Alikuwa ameinamia sufuria ya mwisho. Alipokwisha kupakua, alinawa mikono, akaona kwamba viatu vya harusi, vya kuazima, vimemla visigino. Palikuwa na mkeka pembeni, kati ya ukuta wa jiko na turubai, penye kivuli. Alikaa pale avivue tu. Alivua kimoja.

Alipofumbua macho, mwanga ulikuwa umehamia ukuta wa pili. Dufu hazikusikika. Alikuwa amefunikwa kitenge ambacho si chake. Uani, Sikuzani na mke wa fundi baiskeli walikuwa wakisugua sufuria kwa mchanga bila kuzigonga, taratibu, kama watu wanaoiba. Viti vilikuwa vimerudishwa kwa wenyewe. Kiatu kimoja kilikuwa bado mguuni.

"Houda yuko wapi?"

"Yuko ndani, ameshabadilisha nguo," Sikuzani alisema. "Lala tu, mama. Yameisha salama."

"Na mutu wa video?"

"Ameenda. Saa kumi imepita."

Mwantum hakulala tena. Aliingia ndani akamkuta binti yake anakunja shela, akamwomba radhi. Houda alimwambia hakuna neno. Saliha, ambaye hakuwahi kuficha kitu maishani mwake, alisema kwamba Melchior amempiga video na yeye pale mkekani, tena muda mrefu. Hapo ndipo aibu ilipompanda Mwantum kutoka miguuni. Mama mzazi, mbele ya ubalozi, amelala kama gunia siku anamwoza mtoto wake wa pekee.

Aliacha kwenda Gatumba siku iliyofuata, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa na malaria, akaenda mjini peke yake. Melchior alikuwa mbele ya televisheni mbili ndogo, anaunganisha kaseti. Alisimama alipomwona.

"Mama Houda. Umelala vizuri?"

"Nimekuja ukate," Mwantum alisema. "Pale niliko. Ukate pote."

"Nitakata, ni video yenu. Lakini uangalie kwanza. Mutu hakati asichokiona."

Alimwekea kiti, akarudisha mkanda nyuma, akaacha uende.

Mwantum alijiona. Ilimchukua muda kukubali kwamba ni yeye, yule mwanamke aliyeegemea ukuta, kichwa kimeanguka bega, kinywa wazi, mchuzi umekauka shavuni. Mikono ilikuwa imelala mapajani, viganja vinatazama juu. Aliona jinsi alivyokonda. Kisha Saliha akaingia kwenye picha, akainama kumtikisa, na mkono wenye hina ukamshika Saliha kiwiko. Ulikuwa mkono wa Houda. Alikuwa ameteremka kitini kwake na gauni lote, amelishika pindo lisiguse majivu. Aliweka kidole mdomoni. Mpiga dufu aliangalia, akaacha kupiga, na akina mama mmoja baada ya mwingine wakanyamaza. Houda alichuchumaa. Alilishika shela lake kwenye ncha, akalilowesha kwa mate kama vile mama anavyofanya kwa mtoto, akaufuta ule mchuzi. Mwantum wa kwenye televisheni aliguna kitu bila kuamka. Inaelekea kilikuwa kitu cha kuchekesha, maana Houda alijiziba mdomo, mabega yakaanza kutikisika, na Saliha naye, na yule mwanamke wa maandazi akakimbilia nyuma ya turubai asije akapasuka. Mzee Shaabani alichungulia kutoka sebuleni kuuliza mbona ngoma imekufa, akaona, akavua kofia, sijui kwa nini, akarudi kwa ncha za vidole.

"Nilisema nini?" Mwantum aliuliza.

"Ulisema, 'Askari, hiyo ni sabuni tu.'"

Melchior hakucheka, wala Mwantum hakucheka. Mkanda uliendelea. Harusi yote iliyobaki ilifanyika kwa kunong'ona. Watu walikula wakipeana sahani mkononi badala ya kuziweka mezani. Wanawake waliimba, lakini kwa sauti ya kubembeleza mtoto, wakicheza bila viatu, na Houda katikati yao anacheka akijizuia, anachungulia mkekani, anacheka tena. Hakuna aliyekuwa anaitazama kamera. Ilionekana walikuwa wameisahau kabisa.

"We ulikuwa umewekwa upige arusi," Mwantum alisema mkanda ulipofika mwisho. "Kwa nini ulinipiga mimi?"

Melchior alizima televisheni moja.

"Kule nilikokuwa nafanya kazi, walikuwa wananituma nikapige picha watu waliolala," alisema. "Asubuhi, baada ya usiku kama ule wa juzi. Njiani, kwenye mashamba, ndani ya manyumba. Nilifanya hiyo kazi mpaka siku moja nikaweka kamera chini, nikasema mi siendi tena. Ndo nikaanza maarusi. Jana nilipokuona pale ukutani, mikono iko vile, nilishituka. Halafu nikaona unapumua. Nikasema, huyu nitamungojea aamke." Aliinua mabega. "Saa yangu ilifika kabla hujaamka. Lakini kitenge kilikuwa kinapanda na kushuka. Nikaenda nyumbani na hiyo."

Wote wawili walikuwa watu wa usiku ule ule, kila mmoja mtaani kwake, na hakukuwa na haja ya kuelezana zaidi. Aliinuka, akajifunga mtandio.

"Ambasade watasema mama yake mulevi."

"Inawezekana. Ao watasema ni arusi ya kweli. Mi siwezi kukuhakikishia."

Alifika mlangoni, akarudi. "Uache," alisema. "Ila kinywa. Pale kinywa kiko wazi, upunguze."

"Kinywa nitapunguza," Melchior alisema, na safari hii kona ya mdomo wake ilisogea.

Nakala moja ilikwenda ubalozini pamoja na karatasi nyingine. Saliha aliifunga vizuri kwa utepe uliobaki wa mapambo, fundo lake mwenyewe la kupindisha mara mbili. Nakala ya pili ilibebwa na mtu aliyekuwa anasafiri kwenda kwa Tajudini. Wakangoja. Ambargo iliondolewa, bei ya sabuni ikashuka, na Mwantum akagundua kwamba sasa anabeba mzigo ule ule kwa faida ndogo zaidi. Houda alishona sare za shule za watu. Aliitwa mahojiano, akaahirishiwa, akaitwa tena. Alipotoka siku hiyo alimwambia mama yake kwamba walimuuliza tarehe, majina, mtaa, na kama Tajudini anapenda chai yenye sukari. Kaseti ilikuwa mezani mbele ya yule bwana wakati wote. Utepe wa Saliha ulikuwa bado juu yake, na fundo lake lile lile.

"Hawakuifungua?"

"Hawakuifungua, mama."

Mwantum alifikiria zile safari za Uvira, vile vigelegele vya mara tatu, wale majirani waliotolewa majumbani mwao, mkono wa Mzee Shaabani uliopeanwa mara ya pili. Hasira haikuja. Alisema tu, "Haya," akaendelea kupanga vitenge.

Tajudini alipiga simu dukani baadaye kidogo. Aliitazama ile kaseti kwa rafiki yake mwenye deki, alisema, na akamwomba aiweke tena, na tena. Alikuwa na neno moja la kumwambia mama mkwe.

"Naomba unisamehe, mama. Sikujua kama nakuchosha hivyo."

"Apana, mwanangu," Mwantum alisema. "Ilinichosha vita. We uliongeza kidogo tu."

Visa ilitoka mwaka uliofuata, katika msimu wa mvua. Siku ya safari walikwenda uwanja wa ndege kwa gari la Mzee Shaabani, Houda katikati, sanduku miguuni. Walisimama kwenye uzio na wasindikizaji wengine. Houda alimkumbatia mama yake, akamwambia alale, ampigie Saliha kelele akizidi maneno, asibebe mzigo siku zikiwa mbaya. Mwantum alisema ndiyo kwa yote. Binti yake akaingia ndani akiwa anageuka geuka mpaka mlango ukamficha. Ndege ilipopaa ilizunguka juu ya ziwa, ikashika njia yake. Saliha alilia kwa niaba ya wote wawili.

Njia nzima ya kurudi Mwantum alikuwa amejiahidi kwamba atalia akifika, akiwa peke yake, afunge mlango, alie vizuri mpaka amalize. Lakini alipoingia uani alimkuta Sikuzani anakimbia na ndoo. Bomba lilikuwa limetoa maji, baada ya juma zima la ukavu Buyenzi yote, na hakuna aliyejua yatatoka kwa muda gani. Mwantum alivua nguo yake nzuri, akajifunga kitenge kifuani, akatoa mapipa, mabeseni, hata sufuria za pilau. Aliinama bombani, akaanza kujaza.